Aliyeitikiwa Ndotoni

Bakuli la uji lilikuwa sakafuni, mbele ya mlango wa chumba cha marehemu Bi Fatuma, na uji ulikuwa umenywewa nusu. Kijiko kilikuwa kimeegeshwa ukingoni, kimelambwa kikatakata. Shamsa alisimama ukumbini, mkoba begani, tayari kwenda dukani, akalitazama bakuli lile kwa muda mrefu kuliko bakuli la uji linavyostahili kutazamwa. Chumba hicho kilikuwa kimefungwa tangu siku ya arobaini. Ndani hamkuwa na mtu wa kunywa uji.

"Sitara, hili bakuli la nani?"

Mdogo wake akachungulia kutoka uani, mikono imejaa povu la sabuni. Uso wake ulikuwa umechangamka, na tangu Bi Fatuma, mama yao, afariki uso ule haukuwahi kuchangamka.

"Liache hapohapo, dada. Bado hajamaliza."

Akarudi kwenye beseni lake la nguo, anaimba kidogo kidogo.

Shamsa hakuuliza ni nani ambaye hajamaliza. Mtu mwenye dhamiri safi angeuliza, tena kwa sauti ya juu. Yeye alitoka taratibu, akaurudisha mlango wa mbele, akashika njia ya dukani, maana alijua vizuri ni nani aliyeanza kula ndani ya nyumba yao, na alijua pia nani aliyemkaribisha.

Hao wawili walikuwa wamebaki peke yao kwenye nyumba ya urithi, nyumba ya Kiswahili ya chini kabisa, iliyobanwa na maghorofa ya Kariakoo pande tatu mpaka jua likawa linaichungulia saa chache tu za mchana. Madalali walikwisha kuchoka kuitaka. Shamsa, mkubwa, alikuwa na duka la mapazia. Sitara aliacha cherehani yake ili amuuguze mama yao aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Ni Sitara aliyemgeuza, aliyemsafisha, aliyemlisha kwa kijiko. Shamsa alihakikisha dawa na chakula havikosekani, na kwa mgawanyo huo alijihesabu kuwa naye anauguza.

Jioni ya mwisho Sitara alitoka kwenda duka la dawa. "Dada, mama yuko peke yake, msikilizie," alisema akiwa mlangoni. Shamsa alikuwa ametoka kazini muda si mrefu, kajitupa kitandani na nguo zake. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza pale aliposikia mama yake anamwita. "Shamsa!" Aliisikia vizuri sana sauti ile. Ikaita tena. Akawaza: atataka kugeuzwa, au atataka beseni, na Sitara anarudi sasa hivi, kwani mtu akipumzika kidogo kuna ubaya gani? Akajifunika kanga gubigubi. Mara ya tatu jina lake lilikatikia katikati. Sitara aliporudi alimkuta mama yao amepaliwa na mate yake mwenyewe, na roho imekwisha kutoka.

Msibani mashangazi walimkalia Sitara kooni. Wewe mtoto, mgonjwa unamwachaje peke yake? Hukuweza kungoja? Sitara akalia, akasema ni kweli, mimi ndiye niliyemwacha. Wakamgeukia Shamsa.

"Nilikuwa nimelala," alisema Shamsa. "Sikusikia kitu."

Aliyelala hana lawama, wakamwacha. Uongo ule ulimtoka kinywani kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe, na kuanzia siku hiyo ulimkaa kifuani, haupandi haushuki. Tena haukumwachia nafasi, kwa sababu Sitara alikuwa anakonda mbele ya macho yake. "Ningewaomba wanipishe kwenye foleni," alikuwa akisema peke yake akiosha vyombo. "Ningesema nina mgonjwa. Nani angekataa?" Shamsa aliyasikia maneno hayo asubuhi na jioni, akanyamaza. Alikuwa anampenda mdogo wake. Alikuwa anaogopa zaidi kuchukiwa naye.

Ndipo simu ilipomletea video za kijana mmoja.

Kijana mwenyewe alikuwa na miwani mikubwa na maneno mengi, na alikuwa anafundisha watu kuota huku wakijua kwamba wanaota. Ukishajua, alisema, ndoto ni yako: utaruka angani, utakwenda utakako, utazungumza na mtu uliyempoteza. Hapo pa mwisho Shamsa aliacha kukunja pazia la mteja, akaongeza sauti.

Masharti hayakuwa magumu. Mchana kutwa jiulize mara kwa mara, je, hapa naota? Tazama mikono yako, maana ndotoni vidole havitulii idadi. Bana pua ujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi inapita hata pua ikiwa imebanwa. Soma maandishi, geuka, yasome tena. Ndotoni yatakuwa yamebadilika. Ukijilaza, jiambie: nikiota, nitajua. Ndoto ikianza kufifia, sugua viganja. Na kwa anayeanza, alisema kijana, usingizi mfupi wa jioni unafaa sana.

Shamsa akawa mwanafunzi hodari. Alibana pua katikati ya kupima dirisha la mtu. Alikisoma kibao cha jirani, JUMLA NA REJAREJA, akageuka, akakisoma tena. Jirani huyo alikuwa Mektilda, Mchaga wa mashuka, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo usio na breki. Alimvumilia siku kadhaa, kisha akamfuata.

"Dada Shamsa, niambie ukweli, sitanuna. Duka langu linanuka?"

"Hapana! Kwa nini?"

"Kila ukitazama huku unabana pua."

"Mafua tu, dada."

"Mafua gani haya ya kuhesabu vidole?" Mektilda akacheka, halafu akaacha kucheka. "Msiba bado unakutesa. Alasiri uwe unaenda nyumbani kupumzika. Duka nitakuangalizia, mbona tuko wote hapa."

Wema huo wa Mektilda ndio uliompa Shamsa jioni zake.

Yale mafunzo yalikuwa na sehemu ya maswali ya wanaoanza. Je, ni hatari? Hapana. Je, naweza kukwama nisiamke? Hapana. Shamsa akaandika la kwake: nikimkuta marehemu, ni yeye kweli? Kijana alijibu kwa vikatuni vya kucheka. Ni ubongo wako tu, dada yangu. Furahia.

Kijana yule, popote alipo, hakulelewa na Bi Fatuma. Bi Fatuma alikuwa na amri mbili ambazo hazikuwa na mjadala. Ya kwanza, hakuna kulala magharibi. Jua likianza kuzama alikuwa anapita chumba hadi chumba akivuta watu mashuka, amkeni, saa hii si yenu. Ya pili, ukiitwa saa hiyo na anayekuita humwoni, nyamaza mpaka aje mbele ya macho yako. Shamsa alikua na amri hizo. Baada ya msiba alijaribu hata kujikinga nyuma ya ile ya pili, kwamba labda ndiyo sababu hakuitika. Lakini alijijua. Jioni ile hakuogopa jini lolote. Aliona uvivu kuamka.

Alifanikiwa siku ambayo hakuitarajia. Alijilaza, mwanga wa jioni ukiondoka ukutani, akijiambia nikiota nitajua, nikiota nitajua, na mara akajikuta amesimama ukumbini. Ulikuwa ukumbi wao, na kalenda ya msikiti ilikuwa mahali pake, lakini alipoisoma, akageuka, akaisoma tena, tarehe zilikuwa zimehama. Akautazama mkono wake wa kushoto. Vidole sita. Furaha ilimpanda ghafla akataka kupiga kelele. Akasugua viganja haraka, ndoto isimponyoke.

Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa na chini yake mlipenya mwanga.

"Shamsa!"

Ilikuwa sauti ileile, yenye ulimi mzito wa kiharusi. Shamsa alijua kwamba anaota, alijua ni saa gani kule alikolala, na alijua kwamba anayemwita hamwoni. Yote aliyajua, na hayakuwa na uzito wowote mbele ya nafasi ya kulifanya lile ambalo hakulifanya. Mtoto wa kike wa Pwani hufundishwa kuitika kabla hajaweza kutamka jina lake mwenyewe.

"Abee, mama!"

Mlango ukafunguka. Bi Fatuma alikuwa ameketi kitandani, ameupa mlango mgongo, mabega yote mawili yamenyooka sawasawa. Chumba kilinuka karafuumaiti, ile waliyomtia kwenye sanda. Shamsa alipiga magoti.

"Nisamehe, mama. Nilikusikia. Nisamehe."

"Umeitika," alisema aliyekuwa kitandani, bila kugeuka. "Nimengoja sana aitike mtu. Sasa nitoe humu, kuna giza."

Hakusema amesamehe. Shamsa alikuja kulifikiria hilo baadaye, wakati kulifikiria hakusaidii tena. Wakati ule alimshika mkono, mkono mkavu wenye joto la pasi, akamvusha kizingiti, akamtembeza ukumbini hatua kwa hatua, na katika mwendo wote ule hakuuona uso wake hata mara moja.

Aliamka adhana ya magharibi inamalizika, mashavu yamelowa, kifua chepesi. Alihisi amemaliza kazi. Akatoka uani kunawa, akamkuta Sitara amesimama na ufagio mkononi, kichwa amekiinua.

"Dada, umeniita?"

"Sijakuita."

"Basi ni nani ananiita?" Sitara aligeuka kuelekea ndani ya nyumba. Mshangao ulimjaa usoni, halafu ukawa kitu kingine, kitu cha furaha, na kabla Shamsa hajawahi kumziba mdomo akawa ameshaitika. "Abee!"

Kuanzia jioni hiyo nyumba ilikuwa na watu watatu. Shamsa hakumwona wa tatu, lakini alimsikia. Alisikia kijiko kikigonga bilauri nyuma ya mlango uliofungwa, gonga moja, kimya, gonga mbili, jinsi Bi Fatuma alivyokuwa akiomba maji siku ulimi wake ulipokataa kabisa. Alisikia kitanda kikilia, na harufu ya karafuumaiti ikahamia kwenye mito, kwenye kanga zilizokunjwa, kwenye wali ukiwa bado jikoni. Sitara alianza kupika uji asubuhi na jioni. Aliweka bakuli mlangoni, akaja kulichukua tupu. Yeye mwenyewe hali.

"Mbona huli, Sitara?"

"Nitakula akishiba."

"Nani akishiba? Sitara, mama alifariki. Tulimzika."

Sitara alimtazama kwa huruma, akashusha sauti ili wasisikike. "Usiseme hivyo, atakusikia. Amesema nikimhudumia vizuri safari hii, atanisamehe kwa kutoka siku ile."

Shamsa alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Hukumwacha peke yake, mdogo wangu, kulikuwa na mtu macho ndani ya nyumba. Ilikuwa sentensi fupi tu. Badala yake alisema, "Jaribu hata chai," akaenda chumbani kwake, akalia kwa aibu.

Alimwandikia tena yule kijana wa miwani. Mtu niliyemkuta ndotoni akinifuata hadi nje, nifanyeje? Jibu lilikuja na vikatuni vilevile. Haiwezekani, dada. Lakini kama unapata ndoto mbaya kumbuka wewe ndiye bosi wa ndoto. Rudi, mwamuru aondoke, ataondoka.

Basi Shamsa akarudi. Alijilaza saa ileile, nikiota nitajua, nikiota nitajua, na alipofumbua macho chumba kilikuwa kimeingia giza la jioni na kutoka ukumbini alisikia mtu anabembeleza, polepole, kunywa, kunywa kidogo tu, basi hiki cha mwisho, akainuka na kwenda kwa vidole vya miguu, akaukuta mlango wa chumba cha mama uko wazi kabisa na Sitara amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli mapajani, anapeleka kijiko mbele, na kile kijiko, kikifika mahali palipokuwa patupu juu ya mto, kinainama, kinatulia, kinarudi kitupu, kisha mto wenyewe ukabonyea taratibu kama unavyobonyea kichwa kinapogeuka kuangalia nani ameingia, na Shamsa akaambiwa na moyo wake, usiogope, hii ni ndoto, wewe ndiye bosi, akautazama mkono wake ili apate nguvu ya kuamuru, akahesabu vidole vitano, akahesabu tena vitano, akageukia kalenda, akaisoma, akageuka, akaisoma tena na hakuna tarehe iliyohama, na mwisho, akiwa hataki kujua lakini mkono umekwisha kupanda, akabana pua yake akavuta pumzi, na pumzi haikupita.

"Ingia, dada," alisema Sitara bila kugeuka. "Anakuuliza mbona leo huitiki."

Shamsa alikimbia pekupeku hadi dukani. Mektilda alikuwa anashusha mlango wa bati. Alimkalisha juu ya marobota ya mashuka, akampa maji, akamsikiliza hadithi nzima, isipokuwa kile kipande ambacho Shamsa hakumwambia mtu yeyote. Akapiga ishara ya msalaba.

"Sisi kwetu tungeita padri," alinong'ona. "Lakini na nyinyi mna watu wenu. Yule mama wa udi mtaa wa nyuma, si ndiye anayesomea watu? Nenda sasa hivi. Mdogo wako ataisha, Shamsa. Jana nilimwona barabarani, nguo zinamvaa yeye."

Mama wa udi aliitwa Bi Moza. Hakuwa na makeke wala vibuyu. Alikuwa na duka dogo la udi na marashi, tasbihi shingoni, na hasira za mtu anayeletewa mambo yakiwa yameshaharibika.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba. Kaa." Alimsikiliza hadi mwisho bila kupepesa. "Kwa hiyo ulilala magharibi."

"Ndiyo, bibi."

"Ukaitwa na usiyemwona."

"Ndiyo."

"Ukaitika. Ukamshika mkono na kizingiti ukamvusha." Bi Moza akasonya. "Simu imekufundisha kufungua. Na kufunga imekufundisha?"

"Hapana, bibi."

"Alivyoingia nimeelewa. Sasa niambie anakalia nini. Hawa hawakai bure, mwanamke. Wanakaa palipo na kitu kimefichwa, wanakiatamia. Kuna jambo baina yako na mdogo wako?"

"Hakuna, bibi."

Bi Moza aliishika tasbihi yake. "Haya," alisema. "Kesho asubuhi."

Alikuja jua likiwa juu, wapagazi wa Kariakoo wakipigiana kelele nje, na mwanzoni Shamsa aliona aibu, jinsi mambo yote yalivyoonekana ya kijinga kwenye mwanga. Wakamlaza Sitara kwenye mkeka, wakamfunika shuka jeupe. Alikuwa mwepesi kumnyanyua, mifupa ya mabega inachoma mkono. Bi Moza aliweka bilauri ya maji pembeni, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, bila haraka. Alisoma, alisoma. Kelele za nje zikawa kama zinatoka mbali. Kijiko kikagonga nyuma ya mlango, mara moja, mara mbili, kisha mfululizo bila kupumua, kisha kikanyamaza, na mdomo wa Sitara ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa na ulimi mzito.

"Sikujileta. Niliitikiwa. Nikashikwa mkono."

"Toka," alisema Bi Moza.

"Muulize aliyenishika alitaka nini. Akilisema mbele ya huyu, sina pa kukaa."

Bi Moza hakuonyesha mshangao. Alimgeukia Shamsa. "Sema."

"Nilimkumbuka mama," alisema Shamsa kwa sauti ndogo. "Nilitaka kumwona tu."

Sauti ikacheka. Halafu Sitara akaanza kupaliwa. Kifua chake kilinyanyuka kikakwama juu, shingo ikamsimama mishipa, midomo ikabadilika rangi, na kutoka kooni kukatoka mlio mdogo wa majimaji ambao Shamsa aliutambua, kwa sababu aliwahi kuusikia kupitia ukuta akiwa amejifunika kanga, mlio ambao miezi yote hii alikuwa akijiambia hakuusikia, akausikia sasa kwa mdogo wake na akaelewa kwamba akiendelea kunyamaza atakuwa amewaua wawili.

"Nilimsikia!" alipiga yowe. "Nilikuwa macho! Mama aliniita mara tatu, nikajifunika, niliona uvivu, Sitara, niliona uvivu tu, halafu nikawaacha wakulaumu wewe! Si wewe uliyemwacha. Ni mimi. Ni mimi!"

Kitu kilipita ukumbini kuelekea mlango wa mbele. Kalenda ilipepea ukutani. Sitara akavuta pumzi ndefu, kifua kikashuka, na harufu ya karafuumaiti ikaisha, pakabaki harufu ya vumbi na ya maandazi ya jirani. Shamsa alikuwa amekumbatia miguu ya mdogo wake, analia kwa sauti bila kujali nani anasikia mtaani.

Bi Moza alimaliza dua yake, akampangusa Sitara uso kwa yale maji. Sitara alikuwa amelala fofofo.

"Sikiliza vizuri," alisema akikusanya vitu vyake. "Ameyasikia hayo kwa masikio ya usingizini, na ya usingizini hayatoshi. Akiamka mwambie tena, akiwa na macho yake. Yule ametoka, lakini hajaenda mbali, atataka kujua kama ulisema kwa haki au kwa woga. Usiyakane. Hata ukiulizwa na nani. Hata akikulilia vipi. Ukiyakana, umemrudishia chumba, na safari hiyo mimi usinifuate."

"Nitamwambia, bibi. Wallahi nitamwambia."

"Usiniapie mimi."

Akaondoka kuwahi adhuhuri. Shamsa alikaa pembeni ya mkeka akajizoeza maneno. Alipika supu ya kuku. Alifungua chumba cha mama, akatandua kitanda, akafungua dirisha, akaona ua wa ghorofa la jirani na kipande cha jua, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akahisi anaweza kuishi na yatakayotokea. Sitara atamchukia. Pengine atahama, ataenda kwa mashangazi, atawaeleza wote. Sawa. Atakuwa hai, na atajua hakuwa na kosa. Alijiambia hivyo mara nyingi na kila mara aliamini.

Sitara aliamka alasiri. Alikaa mwenyewe, dhaifu lakini macho yake yametulia, akaomba maji, akanywa bilauri nzima. Akanywa na supu. Shamsa alimtazama akitafuna, akataka kumshukuru Mungu kwa kila tonge. Akangoja amalize. Akangoja apanguse mdomo. Sasa, alijiambia. Akafungua kinywa.

"Dada," Sitara akamtangulia, na machozi yakaanza kumtoka. "Nimeota ndoto mbaya sana. Nimeota unaniambia ulimsikia mama. Ati ulikuwa macho, ukamwacha." Alimshika mkono kwa vidole vyake vyembamba. "Nimebaki na wewe tu duniani. Kama ni kweli, sijui nitakutazamaje. Sijui nitaishije ndani ya nyumba hii. Niambie ilikuwa ndoto. Nakuomba, dada yangu."

Shamsa alimtazama. Aliitazama mifupa ya kifua chake, kope zilizolowa, uso ule alioujua tangu ukiwa wa mtoto mchanga mgongoni mwake. Maneno aliyojizoeza mchana kutwa yalikuwepo, yote, kwa mpangilio wake. Aliyakumbuka ya Bi Moza pia. Lakini huyu hapa ni Sitara, aliwaza, amekula, amepona. Kumpiga na jambo lile saa hii si ukatili? Nitamwambia kesho. Nitamwambia akipata nguvu. Na chini ya huruma hiyo yote alikuwepo yule Shamsa wa siku zote, aliyeona uvivu kuamka.

"Ilikuwa ndoto," alisema. "Lala, mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimelala, sikusikia kitu."

Sitara alishusha pumzi. Machozi yakakauka, mabega yakalegea, na tabasamu likamjaa usoni, pana, la kuridhika. Akajilaza tena kwenye mkeka, akavuta shuka hadi kidevuni.

"Ahsante, mwanangu," alisema.